Shikamoo ndani ya kumi na nane

Kefa, nimeachwa. Nahodha mzima wa timu yetu ya Ikungi, nimeachwa.

Kocha Hosea kasema anajenga timu upya, anataka vijana. Sisi wakongwe tukitaka namba, tujaribiwe kama wengine.

Basi nikajaribiwa.

Nimepokea pasi ndani ya kumi na nane, kipa kaanguka, goli liko wazi. Beki anakuja mbio, yule mtoto wa Elina muuza mchicha. Ananitazama usoni.

"Shikamoo, Baba Rebeka."

Shikamoo, Kefa! Ndani ya kumi na nane!

Ningefanyaje? Nimesimama. "Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo," kanijibu, ameshaondoka na mpira.

Hosea, niliyesoma naye darasa moja, akaniita pembeni. Nikadhani ananionea huruma.

Kaanza na shikamoo.