Mama wa Kiti cha Mbele

Chattanooga, 3 Machi 1997

Mwanangu Wendell,

Natumaini hujambo na goti limepoa. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inayochemka.

Jana tulikuwa watu kumi na wawili sebuleni kwa jirani yetu Verna. Yeye alilipia onyesho lenu kwenye televisheni, mimi nikaoka pai mbili. Hata mchungaji alikuja kukuona ukipigana mieleka mbele ya nchi nzima. Kabla ya pambano wakaonyesha filamu: mpinzani wako, yule mnayemwita Chatu, kasimama juu ya kaburi la baba yako. Si la kuigiza. Nilisoma jina, Orval Teague. Akayapiga teke maua niliyoyaweka kwa mikono yangu, akasema, "Mzee, inuka umsaidie mwanao."

Verna akazima sauti. Hakuna aliyegusa pai.

Baba yako hajamaliza hata miezi sita ardhini. Nani aliwaruhusu?

Mama yako

Memphis, 12 Machi 1997

Mama mpenzi,

Habari za nyumbani? Mimi sijambo, goti linavumilia. Pole kwa uliyoyaona. Ni wakubwa wa kampuni waliobuni, mimi niliambiwa mambo yameshapangwa.

Lakini mama, wewe unaujua mchezo huu kuliko hao wa kanisani. Huyo Chatu jina lake Dale Pruitt, mtu mpole, hata bia hanywi. Baba naye, enzi zake za mieleka, aliwatukana watu ulingoni mpaka wakamrushia viti. Sasa watu wanamchukia Dale hivi kwamba onyesho la Aprili hapa Memphis limejaa, na pambano letu ndilo la mwisho, lile kubwa. Nimelisubiri miaka kumi na moja.

Wanakuomba uje ukae kiti cha mbele. Dale atakurushia koti la baba la ulingoni likiwa limechanwa, utalia kidogo, nami nitamaliza kazi. Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Mwanao, Wendell

Chattanooga, 20 Machi 1997

Mwanangu,

Barua yako imenikuta mzima, nashukuru. Siji.

Na usinifundishe mieleka. Nilimfunga baba yako bandeji kabla hujazaliwa. Alijichana paji la uso kwa wembe ili watu waone damu, na damu ilikuwa yake. Hakuwahi kutumia mwili wa mtu mwingine, sembuse wa marehemu.

Jumamosi Dale Pruitt alikuja hapa. Mtu mkubwa vile, kasimama mlangoni kofia mkononi kama anayeuza Biblia. "Bi Nadine," akasema, "natoka makaburini. Nimepanda maua mengine, sijui kama rangi utaipenda."

Nikamtilia kahawa. Nikamwambia simlaumu, najua ni wakubwa waliobuni. Akakiweka kikombe chini.

"Bi Nadine, wakubwa hawakujua hata kaburi liko wapi. Wendell ndiye aliyetupeleka."

"Alikuwepo?"

"Yeye ndiye aliyeshika taa ya kupigia filamu."

Niandikie kwa mkono wako kwamba huo ni uongo.

Mama

Memphis, 2 Aprili 1997

Mama,

Naomba Mungu barua hii ikukute salama. Si uongo.

Wazo la kutumia kaburi lilinijia siku ya mazishi. Niliwatazama wale watu wakimlilia baba, nikafikiri, mimi ulingoni sijawahi kumliza mtu yeyote wala kumfurahisha. Nilijionea aibu, ila wazo halikuondoka. Tulikwenda Jumanne kwa sababu nilijua uko kazini, jikoni kule shuleni.

Nimewaomba wafute sehemu yako. Wamekataa. Wanasema watamtafuta mwanamke wa kukuigiza. Nimekubali. Sikuwa na la kufanya.

Mwanao

Chattanooga, 15 Aprili 1997

Wendell,

Sikuulizi afya yako, nimekuona kwa macho yangu. Verna alinipeleka Memphis.

Sikuja kuleta fujo. Nilitaka kukaa kule juu nione kama kweli utalifanya jambo hilo. Mtangazaji akasema, "Mjane wa Orval, Bi Nadine Teague," na kwenye kiti cha mbele mwanamke mwenye mvi zilizotengenezwa saluni akapunga mkono, ukumbi ukamshangilia. Nikashuka ngazi.

Mlinzi akanizuia kwenye uzio. "Rudi ukakae, bibi."

"Mimi ni mama yake Wendell."

"Mama yake Wendell yule pale."

Nikampa leseni yangu ya udereva. Akaisoma, akamtazama yule mwanamke, akanitazama mimi, kisha akanirudishia. Hakunifungulia.

Dale ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa ameliinua koti tayari kulirusha, mkono ukashuka. Akakuambia kitu, ukageuka. Tulitazamana, Wendell, kati yetu hazikufika hatua kumi. Usiniambie taa zilikuumiza macho. Niliona midomo yako ikitamka "Mama."

Dale aliliweka lile koti chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka, watu wakimzomea. Nawe ukashuka ulingoni, ukapita mbele yangu, ukaenda kumkumbatia yule mwanamke. Ukalia begani kwake. Alikupapasa mgongo kama aliyekuzaa.

Kaburini njoo utakapo, ni baba yako, sina haki ya kukufukuza. Hapa nyumbani usipige hodi mpaka uweze kunieleza, ukinitazama usoni, ilikuwaje ukanipita.

Nadine Teague