Kifungu cha Tisa na Chumba cha Maziwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa kazi ambayo ningepaswa kuikataa. Sikuikataa.

Mkurugenzi katuita asubuhi. Kanuni ya maziwa imetimiza miaka sita, na wakubwa wanataka kujua imeleta nini. Imesaidia? Imeumiza? Ibaki, ilegezwe, ikazwe? Kompyuta imechagua miji minne ya kufanyia tathmini. Wa tatu — kwetu! Mji niliokulia. Mtaa ule ule wa shangazi.

Nilikuwa na mambo mawili ya kusema. La kwanza nimelisema: shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea, na alikuwa muuza maziwa mpaka kanuni ilipomfungia mlango. Mkurugenzi kasema basi yeye ahojiwe na mwenzangu, yaishe. La pili analijua mwenyewe na hakulitaja, nami nikanyamaza. Kifungu cha tisa niliandika mimi. "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuuza maziwa yasiyofungashwa kiwandani." Nilikuwa na miezi minne kazini. Niliambiwa, wewe mgeni, hebu andika hicho cha marufuku, kiwe kifupi. Nikakiandika baada ya chakula cha mchana, kabla ya chai. Nakumbuka nilikisoma kwa sauti ya chini mara tatu, kwa raha!

Shangazi hajui.

Jumatano, 5 Machi

Tumefika. Mwenzangu ni yule kijana wa takwimu tunayemwita Desimali, maana hawezi kutaja namba bila nukta. Safari nzima kahesabu sampuli. Mimi nilikuwa dirishani, mbali kabisa.

Nimeupita mtaa kwa miguu. Chumba cha maziwa sasa kinauza makasha ya simu. Wamebandika vigae vya rangi ya waridi. Mlango ni ule ule lakini, na kizingiti kimelika katikati, pale tulipokuwa tukiburuza madebe.

Nilisimama kama mjinga. Muuzaji kaniuliza, "Dada, unatafuta ya simu gani?" Nikasema naangalia tu.

Alfajiri za chumba kile! Nilikuwa na miaka minane nilipoletwa kwa shangazi, mama alipofariki. Sikulala vizuri wiki nzima, mpaka nilipozoea kuamshwa na madebe ya aluminiamu yakigongana barabarani. Wafugaji wanafika kwa baiskeli, pumzi juu. Shangazi hamsalimii mtu kabla ya kumpima. Anamimina maziwa kwenye mrija mrefu, anazamisha kipimio cha kioo, anakodoa. Kikizama kuliko kawaida, mna maji — debe linarudi. Halafu kijiko kimoja juu ya jiko. Yakikatika, debe linarudi. Mimi kazi yangu chujio na kuosha. Mikono ikanuka maziwa mpaka darasani. Wenzangu wakaniita Ndama. Sikuchukia hata siku moja.

Na yule mzee tuliyemwita Povu! Kila asubuhi anasubiri povu litulie kwenye kikombe cha kupimia. "Mimi sikuja kununua upepo, mama." Shangazi anamwongezea tone, anamwambia, "Haya, na hilo la kufungia mdomo." Mtaa mzima unacheka.

Hakuna foleni pale leo. Hakuna harufu. Pakiti zimepangwa dukani nyuma ya kioo, zimetulia kama dawa.

Alhamisi, 6 Machi

Zahanati. Muuguzi mkuu katufungulia daftari la wagonjwa la miaka minane. Tumekaa nalo asubuhi nzima.

Mwanzo wa kanuni naujua, lakini kuuona kwa mwandiko wa mtu ni kitu kingine. Mwaka ule mmoja kabla ya kanuni — wiki moja, watoto thelathini na wanane, kuhara na homa. Wawili hawakutoka wodini. Wagonjwa wa kwanza waliletwa Ijumaa. Maziwa yaliyotiwa maji ya bwawani, ndivyo ilivyosemwa. Debe la nani, halikujulikana. Ni kwa sababu ya wiki hiyo tukaiandika kanuni.

Miaka miwili ya kwanza ya kanuni, wagonjwa wamepungua zaidi ya nusu. Nilifurahi! Kweli, moyo ulinyanyuka. Kisha ukurasa ukageuzwa. Mwaka wa tatu wanapanda. Wa nne wanapanda. Mwaka jana ni kama kanuni haikuwahi kuwepo.

Muuguzi kaeleza bila kuinua sauti. Pakiti zinatoka mbali. Umeme ukikatika zinaharibika. Kwa mwenye watoto watano bei haishikiki. Kwa hiyo watu wamerudi kwenye maziwa ya kupima, ila sasa yanapitishwa milango ya nyuma, kwenye chupa za soda. Hakuna kipimio, hakuna jiko. Mtu anapokea, anaficha, anaondoka.

"Zamani nilijua nimkague nani," kasema. "Sasa kwenye karatasi hawapo. Kwenye chai wapo."

Desimali kaandika: miaka miwili ya kwanza, pungufu ya asilimia sitini na moja nukta nne. Mimi nimeandika maneno ya muuguzi.

Mchana, fundi saa. Kibanda chake kinatazamana na kilichokuwa chumba cha maziwa. Kaondoa lenzi jichoni, kanitazama. "Wewe si yule wa madebe?" Nikampa shikamoo. Kaniletea kigoda, kanipangusia. Kisha nikauliza maswali yangu, na alipofika kwenye lile la kulegeza kanuni akaweka bisibisi chini.

Mmoja wa wale watoto wawili alikuwa binti yake. Miaka mitatu. Nilikuwa nimesahau — hapana, nimwongopee nani humu? Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimemgeuza namba.

"Hata wauza maziwa wangefungiwa milele, mimi ningesema sawa," kasema. "Andika hivyohivyo." Nimeandika hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Desimali kamhoji shangazi sebuleni. Mimi nilitolewa nje, nikakaa barazani na masikio yangu. Mlango ulikuwa wazi.

Shangazi kaanza kwa kumpokea vizuri. "Karibu baba, kunywa chai. Ya pakiti, usiogope, huwezi kunishtaki." Desimali kacheka mpaka chai ikampalia.

Kisha maswali. Kanuni imekuathiri sana, kiasi, kidogo, au hapana? Nilijua jibu. Mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri miaka ishirini na mitatu, na sasa anashona vitambaa vya mezani visivyo na mnunuzi!

"Weka kiasi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

Ungependa kanuni ifutwe? "Hapana." Sababu? "Andika hapana, baba. Sababu haitatosha kwenye kimstari hicho."

Hapo nikakumbuka. Wenzake walipoandamana hadi ofisi ya wilaya, shangazi hakwenda. Alifunga chumba siku ya kwanza, kabla hata notisi haijabandikwa. Wakamwita msaliti. Nilikuwa tayari kazini, katika mji mkuu, nikajiambia ni kwa sababu ananiheshimu, kazi yangu, wizara yangu. Jinsi nilivyojipendelea!

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie jikoni.

Alikuwa anachambua mchele. Nikakaa naye, nikavuta ungo wa pili, kama zamani. Tulicheka habari za Povu — kumbe alifariki mwaka juzi, na mpaka mwisho pakiti alizipima kwa kikombe kuona kama zimejaa! Nikaona kama si leo, sitasema tena.

"Shangazi, kile kifungu kilichokufungia. Ni mimi niliyekiandika."

Mikono yake ikasimama. Mara ikaendelea.

"Chote?"

"Chote."

"Kwa mkono wako?"

"Ndiyo, shangazi."

Punje, punje, punje. Nikaanza kujieleza, kwamba nilikuwa mdogo kazini, kwamba niliagizwa, kwamba watoto walikuwa — kaninyamazisha kwa kiganja.

"Mahafali yako yalikuwa siku gani?"

Swali gani hilo? Alhamisi, nikasema. Picha ipo ukutani, yeye na gauni la kijani na miwani ya kuazima, mimi na joho.

"Siku ile nani alipima maziwa?"

Sikuwahi kujiuliza. Kumbe hakuna aliyepima. Alitaka kuwahi basi la alfajiri asikose kuniona napita jukwaani. Akamwachia ufunguo jirani wa kushoto, mama mzuri, asiyejua kushika kipimio. Akamwambia, leo pokea tu, nawaamini. Miaka yote hiyo, siku moja tu. Ijumaa watoto wakaanza kupelekwa zahanati.

"Huenda si maziwa yangu," kasema. "Walikuwapo wauzaji tisa mtaa ule. Huenda si yangu. Lakini binti ya fundi alikunywa kwangu. Kila siku alikunywa kwangu. Alikuwa na kikombe chake chenye masikio mawili."

Kisha kasema hivi, nayaandika kama yalivyotoka: "Kanuni yenu ilipokuja, mwanangu, nilishukuru. Nilipata mtu wa kunifungia mlango. Mwenyewe nisingeweza."

Tumelia. Kisha mchele ukapikwa, maana nyumba ilikuwa na njaa.

Jumatano, 12 Machi

Ofisini. Nimeandika rasimu. Kanuni ilifanya kazi palipokuwa na macho, ikashindwa ilipoyafumba. Marufuku haikuondoa maziwa, iliondoa wapimaji. Nimependekeza vyumba vya maziwa virudi, kwa leseni, kwa ukaguzi, wapimaji wawili kila chumba — wawili, ili mmoja akisafiri mwingine abaki. Desimali kauliza hiyo ya wawili inatokana na jedwali lipi. Nikamwambia haimo kwenye jedwali.

Mkurugenzi kasoma amesimama. Kasema nzuri, safi, ila kifungu cha tisa kisiguswe. Tuseme utekelezaji uimarishwe. Nikauliza uimarishwe vipi, wakati aliyekaguliwa zamani sasa yuko kichochoroni na chupa ya soda? Kashusha sauti kirafiki. "Hicho kinakuhusu wewe pia. Kwa nini tujianike?"

Nikarudi mezani. Nimeitazama ile sentensi yangu kwa muda mrefu. Fupi. Imenyooka. Mtu aliyeiandika hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka na alikuwa anapenda sentensi fupi. Huyo msichana namkumbuka, viatu vipya, kalamu tatu mfukoni. Namwonea huruma, na namwonea wivu kidogo.

Jumanne, 18 Machi

Shangazi kapiga simu. Kapata barua ya mwaliko, mkutano wa wadau, ukumbi wa mji. Aliyewahi kuuza maziwa anaitwa aseme. Atasema.

Nikamwambia si lazima. Nikamwambia fundi saa naye kaalikwa.

"Najua. Ndiye aliyenisomea barua, miwani yangu imevunjika."

Ijumaa, 28 Machi

Naandika ukumbini, mapumziko ya chai.

Watu wamejaa. Wauza maziwa wa zamani wamekaa pamoja upande wa dirisha. Nimewatambua karibu wote, wamezeeka kwa ghafla, kama waliosubiri nisitazame. Mmoja kaniita "Ndama!" mbele ya mkurugenzi. Nilitaka kumkumbatia. Harufu nzima ya chumba kile ilinirudia, hapa, katikati ya viti vya plastiki.

Asubuhi niliwasilisha takwimu. Fundi saa kasimama, kasema lake, sauti haikutikisika. Kisha mwenyekiti kauliza: marufuku hii iliandikwa kwa utafiti gani, na nani? Mkurugenzi kajibu haraka, "na timu ya wataalamu." Mwenyekiti kasema tutaliendea hilo baada ya chai.

Timu ya wataalamu! Mimi, na sahani ya wali tumboni.

Shangazi hakunywa chai. Kavaa lile gauni la kijani. Nimemfuata, nikamwambia nitaanza mimi kusema langu, halafu kama bado unataka, useme. Kasema, "Wewe sema lako na wizara. Langu mimi lina mwenyewe."

Tumeitwa tena ndani. Mwenyekiti kafungua kikao. Mkurugenzi kanitikisia kichwa, polepole, kulia kushoto. Nimenyoosha mkono hata hivyo. Lakini shangazi hakusubiri kuitwa. Keshasimama. Mwenyekiti anamwambia, mama, geukia huku mbele, kuna kipaza sauti. Hasikii, au hataki. Ameipa mgongo meza kuu. Anapita kati ya viti kuelekea alipo fundi saa, na fundi, bila kujua, anainuka ampishe kiti, kama mtu yeyote angemfanyia jirani yake.

"Kaa, baba," anamwambia. "Hili nitalisema nimesimama. Siku ile mwanangu alipohitimu—"

Fundi hajakaa. Nafunga daftari, nakwenda kusimama na shangazi.