Pampu Aliyoifunga Baba

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Mdogo wako Chapu naye mzima, ila amevimba mashavu kwa hasira. Hujambo huko? Kazi inakwendaje kwenye hiyo karakana yenu kubwa?

Jumapili tumeshindwa tena. Boti ilitoka vizuri, ikaongoza mpaka ule mkondo mrefu, Chapu akakanyaga mafuta yote, injini ikakohoa kama mgonjwa. Tukapitwa na watu ambao mwaka jana walikuwa wanaogopa kivuli chetu. Mwenye boti alikunja mwavuli wake akaenda zake, na kesho yake akatuma mtu kuniambia kwamba kuna karakana nyingine inaitaka boti yake.

Chapu anasema kosa ni pampu yangu ya mafuta. Anataka ya umeme. Nimemwambia pampu yangu inaendeshwa na injini yenyewe: injini ikizunguka, inasukuma, injini ikizima, nayo inakufa papo hapo. Ya umeme haina adabu hiyo. Itasukuma petroli hata kwenye moto. Akaniambia, "Dada angekuelewesha." Basi nieleweshe. Simu usipige, unajua masikio yangu yaliishia kwenye injini za watu. Andika.

Baba yako akupendaye

*

16 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia sauti yako hata kama ni kwa kalamu. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanisumbua vidole. Mpake huo mgongo dawa, usijifanye kijana.

Baba, Chapu hajakosea. Pampu yako inatosha boti ya kwenda kwa mwendo wa kawaida. Kwenye spidi ya mashindano injini inakunywa mafuta mengi kuliko pampu inavyoweza kuleta. Tena umeifunga ubavuni mwa injini, palipo na joto, petroli inageuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta. Ndiyo maana injini inakohoa kwenye mkondo mrefu na si kwenye kona. Ya umeme inakaa nyuma, karibu na tangi, pabaridi, na inasukuma sawasawa hata boti iruke vipi.

Lakini na wewe hujakosea. Ndiyo maana inafungwa pamoja na swichi inayosikiliza presha ya oili. Injini ikizima, presha inashuka, swichi inakata umeme, pampu inakufa kama hiyo yako. Pampu nimeshaituma. Swichi zimeisha hapa, itafuata ikipatikana. Bila swichi usiifunge, baba. Nakuomba kama mtoto wako, na kama fundi uliyemfundisha mwenyewe.

Mwanao

*

5 Machi

Mwanangu,

Mzigo umefika salama, ahsante. Hilo jini lako la umeme nimeliweka juu ya rafu. Chapu analitazama kama mtu anayemtazama mchumba wake. Mtu mwenyewe hali chakula vizuri, anapitisha siku akizunguka boti na kunuka petroli.

Nimesoma ulichoandika. Umeandika kama mtu anayejua, sitakataa, ingawa hapo kwenye "palipo na joto" ungeweza kukumbuka kwamba mahali hapo nilipachagua mimi kabla hujazaliwa. Swichi tunaisubiri. Mwenye boti amepita tena, amesema anaangalia mbio hizi za mwisho wa mwezi, basi.

Baba yako

*

30 Machi

Pampu yako imemchoma mdogo wako.

Yuko hospitali. Mikono yote miwili, shingo na upande wa uso. Boti ilitua vibaya juu ya wimbi, mpira wa mafuta ukachomoka, injini ikazima. Pampu haikuzima. Ilimwaga petroli juu ya ekzosi wakati yeye anatafuta waya wa kung'oa. Watu wa boti ya uokozi ndio waliomtoa.

Aliifunga bila mimi kujua. Aliyemtia hamu hiyo unamjua. Usije. Akikuona atalia, na daktari amekataza asilie kwa sababu ya ngozi ya uso.

Baba

*

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu, zile mbili hukuzijibu, wala sijui kama umempa Chapu zake nilizozitia ndani ya bahasha zako. Sijui kama unakula. Sijui kama Chapu anaongea. Nauliza kwa shangazi, naye anasema nimwulize baba yangu.

Nimeomba niondolewe kwenye boti, sasa napanga vipuri stoo. Pampu sizigusi tena. Najiuliza kama ningenyamaza tu, mngeshindwa mbio na ningekuwa na mdogo wangu mzima. Swichi ilifika hapa wiki mbili baada ya ajali. Nilidhani Chapu ananisikiliza kuliko anavyokusikiliza wewe. Kumbe hakuna aliyenisikiliza. Niambie hali yake, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao

*

19 Juni

Baba,

Jana Chapu alinipigia. Muuguzi alimshikia simu sikioni.

Nilianza kumwomba radhi. Nikamwambia ningejua atakuwa na haraka kiasi kile, nisingeituma. Akaniuliza haraka gani. Akasema yeye alikuja asubuhi ya mbio akakuta pampu imeshafungwa, waya umetoka moja kwa moja kwenye betri, na wewe unafuta mikono. Akakuuliza swichi iko wapi. Ukamwambia, "Kaa kwenye usukani, mimi nimemaliza." Na mwenye boti amesimama pale pale.

Miezi yote hii umeniacha niamini kwamba mdogo wangu alijichoma kwa maneno yangu. Umemwacha na yeye alale pale akisikia wageni wanamlaumu kwa kichwa kigumu, na hakukutaja. Ungeniambia uliogopa kunyang'anywa boti, ningeelewa. Kuogopa si dhambi. Hili la pili ndilo sijui niliite nini.

Waambie wageni ukweli. Mwambie na yeye kwamba kosa ni lako, kwa mdomo wako.

Mwanao

*

8 Julai

Mwanangu,

Ndiyo, niliifunga mimi. Miaka yote nimefunga pampu za watu na hakuna aliyeungua. Mara moja nikakufuata wewe, nikakufuata nusu. Wewe utasema kosa ni hiyo nusu. Mimi nikiwa peke yangu nasema kosa ni kukufuata. Boti imeungua yote, hakuna wa kutuamulia.

Nilikwenda kumwambia Chapu kama ulivyotaka. Nilimkuta amekaa kitandani amevaa viatu. Nilipoanza kumweleza habari ya swichi na ya waya, na ulichoandika wewe na nilichofikiri mimi, alinikatiza. Akasema, "Baba, wewe na dada mna majibu yote. Mimi nataka kukaa na mtu asiyejua boti."

Amehamia kwa shangazi yako. Nimekwenda mara kadhaa. Shangazi anatoka nje, anaufunga mlango nyuma yake, tunaongea barazani habari za mvua. Wiki iliyopita nilimpa zile barua ulizomwandikia Chapu kupitia kwangu, pamoja na salamu zangu. Alikwenda ndani nazo, akakaa kidogo, akarudi nazo. Hazijafunguliwa.

Ninazo hapa. Nikurudishie, au?

Baba