Baiskeli ya Mgongo wa Mama

Mpendwa Papa,

Cherehani yako bado iko barazani, na mimi ndiye ninayeikanyaga sasa. Jana Mama aliniambia jambo ambalo wewe hukuwahi kuniambia, na tangu hapo kazi inanikataa. Shati la mteja nimelishona mkono wa kulia upande wa kushoto. Bora niliache kwanza nikuandikie.

Unaukumbuka ule mwaka majeshi mawili ya wageni yalipogombania mji wetu kana kwamba wenyewe hatupo. Kombora lilianguka uani kwetu likamchukua Zena, mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza hata kufunga Ramadhani. Njia ya makaburini ilikuwa haipitiki. Wewe na wanaume wa jirani mlimzika haraka nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wa Kabondo, na kama ilivyo desturi yetu, sisi wanawake tulibaki nyumbani. Bunduki ziliponyamaza, watu wakaanza kutoka. Mama hakutoka. Hakwenda sokoni, hakwenda kwa jirani, hata uani hakukanyaga. Chakula nilichompelekea nilikirudisha jikoni kimepoa. Wewe ulimtazama akipungua, nami nilikutazama wewe, nikajua unaogopa kwamba utamzika na yeye.

Ndipo siku moja ukasema utanunua baiskeli ya kumtembeza Mama.

Watu walisema umerukwa na akili. Mafuta hayakuwepo, magari yalikuwa yamelala, na kila baiskeli ya Kisangani ilikuwa toleka, teksi ya magurudumu mawili inayobeba abiria, mkaa, hata maiti. Baiskeli ilikuwa ugali wa watu. Nani ananunua ugali wa kuchezea? Wewe hukubishana na mtu. Uliuza cherehani moja kati ya zako mbili, ukanichukua tukaenda sokoni.

Sijapata kuona mtu akichagua baiskeli namna ile. Wengine walibonyeza matairi, wakazungusha kanyagio, wakajaribu breki. Wewe ulinipandisha mimi mbele niendeshe, halafu ukakaa nyuma kwenye keria, upande upande kama mwanamke, miguu pamoja, kofia kichwani. Soko zima lilicheka. Muuzaji akauliza, "Papa, ni weye utaendesha ao ni mutoto?"

"Mimi ndiye nitaendesha," ulisema. "Lakini siko natafuta velo ya miguu yangu. Niko natafuta velo ya mugongo ya mama yake."

Tulianza na ile nyeusi, nzito, ambayo watu wa toleka waliipenda kwa sababu haichoki mizigo. Kwenye mawe nyuma ya soko ilikutikisa mpaka kofia ikaanguka. Ya pili ilikuwa na usukani uliopinda kama pembe za mbuzi na matairi membamba. Nzuri kweli, lakini katika shimo la kwanza lililochimbwa na mabomu tulisimama wenyewe tukiogopa itavunjika. Ya tatu ilikuwa mtumba wa Ulaya, rangi imechubuka, si ya barabara nzuri wala si ya porini, iko katikati. Matairi yake ya wastani, usukani umenyooka, gia zake nyingine zimekufa. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu haibebi magunia na hakuna aliyeitaka. Nilikuzungusha juu ya mawe yale yale. Ulishuka, ukajishika kiuno, ukafikiri.

"Bon," ukasema. "Hii inapiga mutu, lakini inapiga na heshima."

Tukaichukua hiyo.

Kosa lako, Papa, lilikuwa mto wa kukalia. Fundi ni fundi. Ulikata sifongo ya godoro, ukaishonea kitenge cha maua, ukaifunga kwenye keria vizuri sana. Ukasahau kwamba katika mji huu baiskeli yenye mto nyuma haiulizwi ni ya nani; ni toleka.

Jumapili hiyo ulivaa shati jeupe ukasimama mlangoni, ukiita ndani kwa upole. Mama alikuwa kitandani, uso ukutani. Mimi nilikuwa kizingitini, katikati yenu. Akatokea mama mmoja mnene, mfanyabiashara, na kapu lake la kwanga, ile mikate ya muhogo. Hakukuuliza. Alikaa juu ya mto, akaweka kapu mapajani, akasema, "Toleka, tunaenda soko ya Tshopo. Pole pole, njia iko mubaya."

Nawe, kwa adabu zako, ulishindwa kumwambia ashuke! Ulisema tu, "Mama, samahani, unajua..." huku yeye akitengeneza kitambaa chake na kuusifu mto.

Nilisikia kitanda kikilia. Mama alinipita pale kizingitini, miguu mitupu, nywele hazijasukwa, jua likimuumiza macho. Sauti yake tulikuwa tumeshaanza kuisahau.

"Mama, shuka," alisema. "Ile fasi iko yangu."

Yule mama akamtazama, akashuka na kapu lake. Mama akakaa. Ulipanda, ukaondoka taratibu, na mimi nililia peke yangu mlangoni kwa furaha.

Mlirudi jioni kwa miguu. Mama ndiye aliyekuwa anasukuma baiskeli, wewe umeshika keria nyuma. Nikadhani tairi limetoboka. Kesho yake Mama alijifunga kitenge akaenda sokoni mwenyewe, na kwa miaka yote nimewaambia watu kwamba baiskeli ilimponya.

Jana ndipo Mama aliponieleza. Anasema ulitaka kumpeleka kwenye maporomoko ya Wagenia akaangalie wavuvi, maana alipapenda. Yeye akasema umpeleke kwa Zena. Ukampeleka. Aliligusa lile kaburi ambalo hakuwahi kuliona, akaomba dua yake. Wewe uliinama kung'oa majani, ukashindwa kuinuka.

"Papa yako alilia, mutoto wangu," aliniambia. "Sikukuwa najua iko na ile machozi yote. Nilimushika mpaka jua ikashuka. Mikono yake haikuweza tena kushika velo. Alors, nikasukuma mimi."

Papa, siku zile wageni walikuja wakikaa barazani wakisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sote tulimtazama Mama. Hakuna aliyekugeukia wewe. Ulikuwa ukishona, ukinunua chumvi, ukijaribu keria sokoni watu wakikucheka. Nimeumia kulijua hili wakati ambapo siwezi tena kukuletea hata kikombe cha chai. Nimemuuliza Mama kilichomtoa nje kesho yake. Akasema aliamka akaona ndani ya nyumba kuna mgonjwa mwingine, na yule hakuwa na mtu.

Lala salama, Papa. Hata kulia ulingoja kwanza Mama apate nguvu za kukushika.

Ni mimi, binti yako uliyebaki naye.