Kurasa Ulizozifuata Nyumba kwa Nyumba

Mama Neema wangu,

Nimefungua lile sanduku la bati. Najua ungeniuliza kwanza kama nimenawa mikono. Nimenawa, tena kwa sabuni.

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike na sikuwahi kuligusa. Lilikuwa chini ya kitanda, upande wako, nami nikifagia nalizunguka tu. Aliyenisukuma ni mwanao Neema. Alipiga simu Jumapili kutoka Mwanza, na baada ya shikamoo na habari za mvua akasema mtoto wake anaanza darasa la kwanza, anataka kuona madaftari ya mama yake. "Si mama aliyatunza yote, baba? Tuma na ya Amosi, nitampelekea." Nikajibu haya, nitatuma, kana kwamba mtunzaji nilikuwa mimi.

Ulikuwa na utaratibu wako. Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, unatandika mkeka barazani, unafuta vumbi daftari moja moja, unaweka ripoti juu, na kila mwaka unakuwa furushi lake. Ya Neema ulifunga kwa kitambaa cha sketi yake ya bluu iliyochakaa, ya Amosi kwa kaptula yake ya kaki. Katikati unapanga majani makavu ya mwarobaini. Ukatunza hata visoda vyao vya kuhesabia, na ng'ombe wa udongo wa Amosi aliyevunjika pembe. Kuna ripoti moja mwalimu aliandika kwamba Neema anaongea sana darasani, ukanisomea kwa sauti, ukasema, "Huyu kakutoa wewe mzima mzima." Mimi dukani nilikuwa nikikuangalia kupitia dirisha na kukutania: karatasi zote hizo za nini, na mtoto ameshafaulu?

Basi nimekuta unyevu, na mchwa wameanza kona moja. Nikafanya anachofanya mtu yeyote hapa Runazi akikuta kitu kina unyevu: nikatandika turubai uani, nikaanika. Ili jua lipenye nikafungua mafurushi yote, nikatawanya madaftari kama makopa ya muhogo, vile vitambaa nikavitupa pembeni. Saa sita nakuja kugeuza, ndipo akili ikanirudia. Majalada mengi yameoza, mengine wino wa majina umefifia. Sikujua lipi la nani. Nimelea watoto wawili na kuwalipia ada, na simjui hata mmoja kwa mwandiko wake! Niliona aibu, mke wangu. Nikafumbua mdomo kabisa nikuite uje unionyeshe.

Humu ndani ni kimya mno. Bado napika ugali wa watu wawili, kiporo nawapa kuku.

Nikiwa pale kwenye turubai nikakumbuka kisa cha karanga. Karatasi za kufungia zilikwisha dukani, na ilikuwa siku ya gulio. Nikaingia ndani, nikachukua daftari la Neema la darasa la sita, nikachana kurasa na kusokota. Ulirudi kutoka kuvuna maharage, jembe begani, ukasimama mlangoni ukiangalia wateja wanavyotafuna. Nilijiandaa kwa kelele. Ukasema tu, "Baba Neema, hujui ulichofungia." Ukaweka jembe chini, ukaanza kupita nyumba kwa nyumba ukiomba karatasi. Jirani yetu Mama Rehema alikucheka: "Eti karatasi! Karanga zimeshaliwa, karatasi ya nini tena, dada?" Ulirudi jioni na kurasa kumi na kitu, zenye mafuta na chumvi. Ukapika uji mzito wa unga wa muhogo, ukazigandisha moja moja. Siku mbili ulinipakulia chakula bila kunitazama. Siku ya tatu nikakuletea sangara mzima, nikaomba radhi, yakaisha. Nilidhani umeumia kwa ajili ya mtoto.

Jana nikaanza kubagua. Alasiri nzima ilikwenda, lakini sasa nawajua. Neema herufi zake zinalala, kama mtu anayekimbilia mapumziko. Amosi anakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Nilipofika madaftari ya darasa la tano nikakwama. Nyuma kabisa, kwenye kurasa walizoacha tupu, kuna mwandiko wa tatu. Wa penseli, umesimama wima, wa taratibu. Hesabu zilezile za mbele zimerudiwa nyuma, kuanzia la tano mpaka la saba. Ramani ya Kagera, na Ngara imekolezwa. Na kwenye lile daftari la sita, kurasa zenye mafuta, zilizogandishwa kwa muhogo, zote ni za mwandiko huo.

Uliniambia mara moja tu, tukiwa wachumba, kwamba kule kwenu Kasulo, Ngara, uliishia darasa la nne, na madaftari yako bibi aliwashia moto. Ulisimulia ukicheka, nami nikacheka. Sikukuuliza lolote zaidi, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Kumbe siku ya gulio ulizunguka kijiji kizima ukiomba urudishiwe darasa lako la sita.

Sikuulizi kwa nini ulinificha, maana najijua. Ningekuita mwanafunzi mbele ya wateja, ningekuuliza sare yako iko wapi. Ningeona ni utani mzuri. Nisamehe tena, safari hii kwa kosa lenyewe.

Mafurushi nimeyafunga upya, ya bluu na ya kaki, yatapanda basi Jumamosi. Limebaki furushi moja, lako, la madaftari uliyoandika nyuma. Nilitaka kulifunga kwa kitenge chako cha zambarau, nikashindwa kukikata, nikachana pindo tu. Hilo halisafiri. Neema akija nitamwonyesha mwenyewe, nimwambie mama yake alisoma mpaka la saba.

Kitu kimoja kilinisumbua. Hesabu zako hazikuwa na alama hata moja, hakuna vema, hakuna kosa. Nani angekusahihishia? Nikaenda dukani nikachukua kalamu nyekundu, nikatandika mkeka wako barazani, nikaanza na zile za kuzidisha. Umepata nane kati ya kumi. Ya nne na ya tisa ulisahau moja uliyobeba. Sikukupendelea, ungenikasirikia. Chini nikaandika "Vizuri sana", nikatia sahihi, nikafunga daftari, nikageuka kukupa.

Mumeo,
Baba Neema