Sauti ya Upande wa Pili wa Ukuta

Markham, Toronto
Jumatatu

Dada yangu Kanizfatema,

Shikamoo, na salaam alaykum. Natumaini magoti bado yanakubeba, presha imetulia, na watoto wa madrasa unaendelea kuwatisha kwa jicho moja tu. Sisi huku wazima, ila baridi inatung'ata masikio. Na kabla hujaniuliza habari, chukua hii: Jumamosi mdogo wako nilisimama na kwaya ya nyimbo za Kirusi, okestra nzima nyuma yake, na ukumbi wote ukapiga makofi mpaka nikadhani dari linashuka.

Haya, usigune. Kusimama nilisimama kweli, lakini safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, na kila mtu alikuwa amesimama. Makofi nilipiga mimi. Kwaya ilikuwa mbele, na ndani ya kwaya alikuwamo Kubra, binti wa mwanangu Shamez.

Sasa kaa kitako.

Unajua kwamba Kubra ameposwa na Alireza, na kwamba yeye mwenyewe anamtaka. Usiyemjua ni baba wa kijana. Hasanali ndiye yule mtu ambaye kwenye harusi za watu huinuka katikati ya pilau kwenda kuzima spika kwa mkono wake. Nyumba yetu haina muziki, nawe unajua. Nyumba yake hata kengele ya mlango ameing'oa kwa sababu ilikuwa inaimba. Mtu kama huyo akisikia mkwe wake anaimba mbele ya wanaume, posa imekwisha, na jina la mtoto litazunguka msikitini kama sahani ya tende.

Kwa hiyo siri tulikuwa nayo mimi na Kubra tu, ndivyo nilivyodhani. Nikamwambia mkwe wangu Nida, mama yake Kubra, kwamba naenda kliniki ya masikio, nikapanda mabasi mawili na treni ya chini ya ardhi, nikafika ukumbi wa chuo nikiwa nimevaa tai kama bwana harusi. Kubra akatoka na wenzake, wote nguo nyeusi. Mwenye hijabu ni yeye peke yake. Hata kipofu angemwona.

Wakati wa mapumziko nikajipanga foleni ya choo, maana umri wetu huu hakuna anayengoja. Mbele yangu kuna mzee kavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akageuka. Hasanali!

Dada, nikajua kaja kumkamata mtoto. Akanisalimia, akatazama kushoto na kulia, akasema ameingia kukimbia baridi tu huku anangoja basi. Nikamwambia na mimi kliniki yangu iko jirani. Halafu ulimi wangu, unaujua ulimi wangu, nikasema kwa kumchokoza kwamba ule wimbo wa kabla ya mapumziko vyombo vimeupamba vizuri sana. Hakuweza kujizuia. Akasema vizuri wapi, vyombo vimefunika besi, wimbo ule ni wa kwaya tupu, na tena wameukimbiza kama wanadaiwa. Kisha akafunga mdomo ghafla kama aliyeingiwa na nzi.

Sehemu ya pili sikutazama jukwaa. Nilitazama kisogo cha Hasanali. Na wimbo wa mwisho ulipoanza nikasahau hata kisogo. Ulianza na wanaume, zile sauti za chini kama mtu anasogeza kabati kwenye sakafu ya mbao. Wanawake wakapanda juu yao taratibu. Halafu balalaika, vile vigitaa vyao vya pembe tatu, vikaanza kutetemeka kama mchele kwenye ungo. Ulikuwa wimbo wetu, Dada. Ule wa Singida, wa yule Mrusi mtafuta madini ambaye Baba alimpa chumba cha nyuma ya duka, aliyekuwa akipiga santuri yake ileile kila alasiri, na sisi wawili tumebandika masikio ukutani. Wewe ulikuwa ukisema muziki si wetu, ukuta ndio wetu, kwa hiyo hatuna dhambi. Maneno hatukuyajua, tukayajaza na bidhaa za duka: sukari, chumvi, sabuni ya kufulia.

Nikamwangalia tena Hasanali. Vidole vyake vilikuwa vinapiga goti, na kila sauti ilipokaribia kuingia, kidole kilitangulia. Mtu aliyekuja kupeleleza hajui wimbo kwa kidole. Lakini mtu anayejua wimbo anaweza pia kupeleleza, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Jana Jumapili wakaja nyumbani, yeye, mkewe Rukhsana, na Alireza, kupanga siku ya harusi. Nida amekaanga bajia, Shamez amevaa kofia. Rukhsana, kwa sauti tamu kama halua yenye sumu, akamuuliza Kubra alikuwa wapi Jumamosi, maana alimpigia simu mchana kutwa. Kikombe cha Nida kikasimama hewani. Mimi nikadakia kwamba mtoto alinisindikiza kliniki ya masikio. Hasanali akaniangalia. Akaniangalia muda mrefu, Dada, mpaka nikasikia bajia zinapoa. Kisha akasema ni kweli, hata yeye alituona huko, masikio yake pia yanamsumbua.

Nusura nimbusu. Lakini mtoto wa Shamez ana kichwa chako. Akasimama, akasema kwa Kiingereza, maana watoto wa huku Kiswahili wanakisikia tu, hasira zao zinatoka kwa Kiingereza, kwamba hakuwa kliniki yoyote. Alikuwa jukwaani anaimba nyimbo za Kirusi, majira ya kuchipua ataimba tena, na hataki kuingia nyumba ya watu kwa mlango wa uongo. Alireza, masikio mekundu, akasema ni yeye aliyempeleka kwa gari.

Shamez akavua kofia. Rukhsana hakumtazama Kubra. Alimtazama mumewe, akamuuliza polepole alimwona kliniki gani. Hasanali akapangusa mdomo, akasema kwa desturi mtu haamui jambo bila kumuuliza mkubwa wa ukoo wa binti. Kwa hiyo atampigia simu Bi Kanizfatema Ijumaa baada ya sala, na atakachosikia kwake ndicho atakachokifuata. Akainuka. Nikamsindikiza mpaka kwenye viatu. Akiwa ameinama, bila kuniangalia, akaniuliza ile sauti ya pili, ubeti wa mwisho, alikuwa Kubra? Nikasema ndiye. Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena, akatoka.

Tangu jana Kubra hali chakula. Nida ananung'unika jikoni, anauliza ni kitu gani kilimwingia mwanawe, kwa nini Urusi, kwa nini kuimba, nani kamfundisha. Shamez anasema ni chuo.

Si chuo. Nakwambia wewe, na Nida ukimwambia nitakana mbele ya mashahidi. Kubra alipokuwa mdogo nilikuwa nasikiliza zile kwaya chumbani kwangu, sauti nimeipunguza mpaka mwisho. Ukuta wangu na wake ni wa jipsamu, panya akikohoa unasikia. Siku moja nikamsikia upande wa pili anafuatisha, ananong'ona ile sauti ya pili. Mtu mwenye akili angezima. Mimi nilihamisha kitanda, nikasogeza redio ukutani kabisa, na nikawa naurudia wimbo uleule mpaka aushike. Sikujuta siku ile na leo sijuti. Ila mtoto akimkosa Alireza kwa ajili ya ukuta wangu, sijui nitamtazama kwa macho gani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hasa shemeji na kifua chake, na wale wanaonikumbuka kwa mema, kama bado wako wawili watatu. Barua hii anakuletea Hussain wa duka la vipuri, anayeruka kesho. Kwenye simu sikuweza, simu yangu Nida ndiye anayenishikia.

Sasa sikiliza. Hasanali haogopi wimbo. Anaogopa kuwa peke yake. Akikupigia Ijumaa usimtolee hotuba, usinitetee, Kubra usimsifu. Siku ile Baba alipotukuta ukutani, fimbo zako nilikula mimi, zako na zangu, na ukaniapia kwamba siku moja utanilipa. Basi akishakusalimia na kukuuliza ukoo wetu ni watu wa namna gani, wewe mwimbie ule ubeti wa mwisho wa wimbo wetu, sauti ya chini, polepole, bila vyombo, kama anavyopenda yeye. Maneno ukiyakosa, tia sukari na sabuni.

Mdogo wako, mla fimbo,
Roshanali