Distributa Uliyoitupa Kwenye Pipa

Mdogo wangu Sikio,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yako yanaendeleaje, na shemeji bado anabishana na redio? Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee ambaye daktari amemkataza kunyanyua kitu kizito kuliko gazeti. Moyo umechoka, mkono haujachoka, ndiyo maana nakuandikia mwenyewe. Nimekuficha jambo moja kwa miaka hamsini na miwili: najua kwa nini gari la Baba lilikusumbua siku ile mlimani. Nitakueleza, lakini niache kwanza nimjibu mjukuu wako, maana swali lake ndilo lililonikalisha mezani.

Alinipigia Jumanne. Sauti ni yako kabisa, hata ile tabia ya kuuliza swali na kulijibu mwenyewe. Alisema amemaliza kuifunga ile injini ya zamani ya kupozwa kwa hewa, kabureta mbili, moja kila upande, na kilichobaki ni kuchagua distributa. Muuza spea anazo aina mbili. Akasema wewe umemwambia achukue ile ya vyuma peke yake, kwamba mimi nilikwisha kulithibitisha hilo mbele ya Baba na hakuna haja ya kubishana. Nikamwambia nitaandika barua. Alicheka, akauliza kama nimesahau kwamba simu ninayo mkononi.

Mwambie hivi. Kazi ya distributa ni kugawa moto kwa kila plagi kwa wakati wake, na injini ikichangamka moto huo lazima uwahi zaidi. Aina ya kwanza huuwahisha kwa vyuma viwili vidogo vinavyotanuka kadiri vinavyozungushwa. Ni imara, haina kikubwa cha kuharibika, na mafundi wengi wa kabureta mbili huipenda. Ila ukikanyaga mafuta taratibu gari likiwa limesimama, injini inasita, kama mtu aliyeitwa jina akiwa anasinzia. Aina ya pili ina vyuma hivyo hivyo, ila vinatanuka kidogo tu, pamoja na kikopo chenye utando ndani, na utando huo huvutwa na hewa ya kabureta kupitia mpira mwembamba. Hapo moto unawahi mara tu mguu unapogusa mafuta. Wanaosema kwamba kabureta zikiwa mbili mvuto hautoshi wanakosea. Mpira utoke kwenye kabureta ya kushoto peke yake, kwenye kile kitundu kilicho juu kidogo ya kipepeo, kile kibati cha kufungulia hewa. Unatosha kabisa. Achukue ya pili. Nasema hivyo bila shaka hata chembe.

Najua hapo umerudi kusoma upya. Maneno hayo si yangu. Ni yako, ulimwambia Baba ukiwa na miaka ishirini na miwili, umevaa ovaroli yangu iliyokupwaya mpaka mikono haionekani.

Utakumbuka Baba alivyokuwa amechoshwa na ubishi wetu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu, kila neno naleta kitabu mezani. Wewe uliniuliza kama kitabu hicho kimewahi kukwama mlimani na abiria ndani, na mafundi wa gereji ya Baba wakacheka hadi mmoja akaangusha spana. Ndipo Baba akasema hataki tena kelele, anataka kikombe. Atakaa mbele na kikombe cha maji kimejaa pomoni juu ya goti, gari lisimame katikati ya mlima wa zahanati, kisha liondoke polepole. Ambaye distributa yake itamwaga maji machache ndiye atakayeshika gereji. Alilisema mbele ya watu wote, na unajua Baba hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Ulianza wewe. Gari likakohoa mara tatu, maji yote yakaishia kwenye suruali ya Baba. Alisema tu, bila hasira, kwamba leo ameogeshwa na mwanawe. Ulishuka, ukafungua kifuniko cha distributa, ukauchomoa mpira upande wa kabureta na kuufyonza kwa mdomo. Sahani ya kuwahisha moto ndani ikasogea kama inavyotakiwa. Utando mzima, mpira mzima. Kabureta ulikuwa umezisafisha kwa mikono yako jana yake, hukuwa na sababu ya kuzishuku. Basi ukaamua kwamba kitabu changu ndicho kilichosema kweli. Zamu yangu gari lilikohoa mara moja, nusu kikombe ikabaki. Ukanipa mkono.

Siku hiyo hiyo uliitupa distributa yako kwenye pipa la vyuma chakavu. Wiki haikuisha ukaenda kuomba kazi ya simu posta, na sikio ambalo Baba alisema linasikia plagi chafu gari likiwa bado barabarani likakaa miaka ishirini na sita likiunganisha mazungumzo ya watu wengine.

Gereji niliiendesha vizuri, sitajifanya mnyonge. Lakini kila mteja wa kabureta mbili niliyemfungia ile ya vyuma peke yake, niliisikia injini ikisita pale getini, nami nikampungia mkono. Yako niliiokota kwenye pipa ulipogeuza mgongo. Nikaifunga kwenye gari langu. Watu waliponiuliza kwa nini linaondoka kama linateleza, nilisema ni mguu mwepesi. Wewe mwenyewe, tulipotoka kumzika Mama, ulikaa kando yangu, ukainamisha kichwa, ukasema injini hii inakukumbusha kitu. Nikashusha kioo, upepo ukaingia, hukusikia tena.

Distributa hiyo imo kwenye kisanduku kilichokuja na barua hii, imeviringishwa kwenye shati langu la zamani. Nimebadilisha utando tu. Mjukuu asinunue nyingine. Na asimpe fundi yeyote aifunge; ifunge wewe, moto uutege kwa sikio, yeye ahakikishe kwa taa ya kupimia moto. Hutakosea. Hukuwahi kukosea.

Msalimie shemeji, na watoto wote kila mmoja kwa jina lake. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo asubuhi, maana mchana huwa nalala. Kabla hamjaunganisha mpira, chungulieni kwanza kile kitundu cha kabureta ya kushoto, muone kwamba kiko wazi. Siku ile ya mlimani hakikuwa wazi.

Ni mimi kaka yako, niliyekiziba kwa kijiti cha kiberiti nilichokipaka grisi, asubuhi ile ulipokuwa unamjazia Baba kikombe.